Karakana ya Wasomaji: Shafti Iliyokatika, Tezo Iliyopasuka na Chumvi ya Kupimia Moto

Barua tulizozichagua safari hii zote zimetoka Tanga na viunga vyake, na nyingi zinahusu chuma cha pua chenye kaboni ya wastani, yaani baina ya asilimia 0.3 na 0.6. Aina inayopatikana zaidi ina kaboni ya karibu asilimia 0.45, na wauzaji huiandika C45, S45C au 45 tu, kutegemea kama imefuata viwango vya Ulaya, vya Japani au vya China.

SWALI: Assalaam aleikum, Maalim. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, karakana yangu iko Ngamiani. Nilitengeneza shafti ya kipenyo cha milimita 60 kwa ajili ya mkanda unaopeleka majani ya mkonge kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, ya shamba moja, na chuma nilichotumia ni C45. Shafti ya awali ilikuwa imelika, kwa hiyo hii mpya nikaona niitie ugumu: nikaipasha kwa makaa mpaka ikaiva nyekundu, nikaitosa kwenye pipa la maji. Tupa haikuishika hata kidogo, nami nikaridhika. Haikumaliza mwezi ikakatika pale palipochongwa mfereji wa kabari, yaani kabari inayolifunga gurudumu kwenye shafti. Sehemu ndogo ya mkato ilikuwa nyeusi yenye kutu, na sehemu iliyobaki iling'aa chembechembe kama sukari. Je, niliuziwa chuma bandia?
Fundi wa kukereza, Ngamiani

JIBU: Wa aleikum salaam, fundi. Kwa maelezo uliyotoa sioni sababu ya kumshuku aliyekuuzia, kwa maana chuma chenye kaboni haba kisingekuwa kigumu kiasi cha kuifanya tupa iteleze. Kilichoiangusha shafti yako ni kwamba kazi ya moto uliianza ukaiacha njiani, na tena kwa shafti ya unene huo kazi yenyewe haikuwa ya lazima.

Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe ulipotaja ile sehemu nyeusi yenye kutu. Hapo ndipo ufa ulipoanzia, na yaelekea ulianza siku ileile ya pipa, maji na hewa vikapata njia ya kuingia na kuacha alama yake kabla shafti haijafungwa mahali pake. Sehemu iliyong'aa ndiyo iliyokatika siku ya mwisho, kwa mara moja, bila chuma kunyumbuka hata kidogo. Shafti yenye ustahimilivu haikatiki hivyo. Aghalabu hutoa dalili kwanza, ikajipinda au ikaanza kutetema, nawe ukapata nafasi ya kuisimamisha mashine.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chuma cha namna hii kinapokuwa baridi, kaboni yake hukaa imefungamana na chuma katika tabaka nyembamba sana zinazopishana na tabaka za chuma laini. Ukikipasha, kuanzia kama nyuzi joto 725 za Selsiasi mpangilio huo huvunjika, na karibu na nyuzi 780 kaboni yote huwa imeenea ndani ya chuma ilhali chuma chenyewe kingali yabisi. Kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga na kurudi kwenye tabaka zake, nacho hurudi kuwa chuma kinachochongeka. Kikitoswa majini muda huo haupo: kaboni hunaswa pale ilipo, chembe za chuma hulazimika kukaa katika mpangilio usio wake, na hapo huzaliwa muundo uitwao martensaiti, kwa kumbukumbu ya Adolf Martens, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuvichunguza vyuma kwa darubini katika karne ya 19. Muundo huo hufikia ugumu wa 55 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell C, nao ndio ulioishinda tupa yako. Lakini hauvumilii kishindo, na tena huchukua nafasi kubwa kidogo kuliko muundo wa moto uliotangulia, hivyo chuma hutanuka kinapobadilika. Kwa kuwa sehemu zote hazipoi kwa wakati mmoja, zile zilizotangulia huwa zimekwisha kukakamaa wakati zile zinazofuata zinasukuma, na mvutano huo hutafuta pembe kali ya kuanzia ufa. Pembe ya ndani ya mfereji wa kabari ulikuwa umeuandalia nafasi hiyo.

Baada ya kutosa, ilikupasa kuirudisha shafti motoni mara tu ilipopoa kiasi cha kushikika kwa mkono, bila kuilaza usiku. Huku ndiko kuirudishia moto, na joto utakalolichagua ndilo litakaloamua tabia ya chuma. Kwenye nyuzi 180 hadi 200 ugumu hupungua kidogo tu na mvutano wa ndani hulegea, jambo linalofaa kwa pini na sehemu zinazosuguana bila kugongwa. Kwenye nyuzi 550 hadi 650 ugumu hushuka sana, mpaka tupa hukata tena, ila chuma hupata ustahimilivu, na hiyo ndiyo hali inayotakiwa kwa shafti inayobeba mzigo unaokuja kwa vishindo. Baina ya nyuzi 250 na 400 pana eneo la kuepukwa kwa kifaa chochote kitakachopigwapigwa, kwa sababu humo ugumu hupungua pasipo ustahimilivu kuongezeka ipasavyo, na wakati mwingine hata huo uliokuwapo hupungua.

Nilisema kwamba kazi yenyewe haikuwa ya lazima, na hapa naomba utazame tarakimu. Viwango vya Ulaya vya EN 10083 vinasema kwamba C45 ya kipenyo baina ya milimita 40 na 100, iliyotoswa na kurudishiwa moto, ianze kupinda bila kurudi kwa mkazo usiopungua megapaskali 370. Ya unene huohuo iliyopashwa na kuachwa ipoe hewani yenyewe, 305. Kwa fito zisizozidi milimita 16, tofauti ni ya 490 kwa 340. Unaona jinsi faida inavyopungua kadiri chuma kinavyokuwa kinene, na sababu ni kwamba maji hayawezi kuutoa upesi joto lililo moyoni. Chuma hiki, hata kikitoswa majini, hukamata ugumu mpaka katikati kwa fito za kama milimita 15 hadi 20. Ya milimita 60 hupata gamba tu. Kwa ongezeko dogo namna hiyo, mimi nisingehatarisha shafti nzima kwenye pipa. Kama mzigo wa mkanda huo kweli unahitaji nguvu zaidi, nunua chuma chenye kromi na molibdeni, kiitwacho 42CrMo4, ambacho kwa unene huohuo na kwa kupozwa kwenye mafuta kimepangiwa kiwango kisichopungua megapaskali 650.

Wapo watakaokuambia kwamba ugumu utaizuia shafti isicheze. Si kweli. Ukakamavu wa chuma dhidi ya kunyumbuka, ambao ni karibu gigapaskali 210, haubadiliki kwa kutoswa wala kwa kurudishiwa moto; shafti ngumu na shafti laini za kipenyo kimoja hunyumbuka sawasawa chini ya mzigo uleule, mpaka ile laini ifike kikomo chake. Anayetaka shafti isicheze aongeze unene, kwani kutoka milimita 60 hadi 66 tu ukakamavu hupanda kwa karibu nusu.

Shauri langu kwa shafti itakayofuata ni kuitumia C45 kama ilivyotoka kiwandani, maana fito nyingi zilizoviringishwa kwa moto huwa ziko karibu na hali ile ya kupoa hewani. Pembe za ndani za mfereji ziviringe, na hivyo hivyo mabega yote ambapo kipenyo kinabadilika, na usiache alama za kisu cha kukerezea zinazozunguka shafti mahali penye mzigo. Ikiwa iliyotangulia ililika kwenye beringi au kwenye mpira wa kuzuia grisi, sehemu hiyo peke yake ipashwe juujuu kwa moto wa gesi ya asetilini na oksijeni, ipozwe kwa maji, kisha irudishiwe moto wa nyuzi 180 hadi 200, na mfereji uachwe mbali kabisa na shughuli hiyo. Na kama mwenye mashine atashikilia kwamba shafti yote itiwe moto, basi ikereze kwanza ukiacha milimita 2 au 3 za ziada, itose ikiwa wima ili isipinde, irudishie moto wa nyuzi 600, na mfereji uuchonge mwisho. Katika hali hiyo chuma bado kinachongeka vizuri.

SWALI: Maalim, mimi ni fundi wa mashua hapa Sahare. Marehemu mjomba wangu alikuwa akizifua patasi zake mwenyewe na kuzitia maji ya bahari, na zilikuwa kali kuliko za dukani. Nimefua tezo kwa springi ya lori, nikaitia maji ya bahari kama alivyokuwa akifanya yeye, ikalia na kupasuka ukingoni. Nilikosea wapi?
Fundi wa mashua, Sahare

JIBU: Mjomba wako alikuwa na hoja. Chuma chekundu kinapoingia kwenye maji matamu, huzungukwa na utando wa mvuke unaokizuia kupoa, na utando huo hukatika sehemu moja kabla ya nyingine, hata chuma kikapoa kwa mabaka. Chumvi huuvunja utando huo mapema na pande zote, hivyo kupoa huwa kwa haraka zaidi na kwa usawa zaidi. Karakana nyingi hutumia maji yenye chumvi ya asilimia 5 hadi 10. Ya bahari ina kama asilimia 3.5, na kwa chuma cha kaboni ya wastani kisicho na nyongeza nyingine inatosha. Baada ya kazi kifaa kisuuzwe kwa maji matamu na kipakwe mafuta, la sivyo kutu itakula kile ulichokihangaikia.

Tofauti iko kwenye chuma chenyewe. Springi za malori nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6 pamoja na kromi, au silikoni ya kiasi kikubwa, na nyongeza hizo hukifanya kikamate ugumu hata kikipoa taratibu. Kwa chuma cha namna hiyo maji ya bahari ni ukatili usiohitajika, hasa pale ukingo wa tezo unapokuwa umeshafuliwa mwembamba. Itose kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, ya nyuzi 50 hivi, ambayo hupenya na kupoza vizuri kuliko yaliyo baridi. Kabla ya hapo, ukishamaliza kufua, ipashe tezo mpaka iive na uiache ipoe hewani, mahali pasipofikiwa na upepo wa pwani, ili mivutano ya nyundo itoke. Na ukingo usiumalize, uache unene wa milimita 1 au zaidi, ukanoe baadaye.

Oili chafu ya gari hutumiwa na wengi, nami siipendi: moshi wake una madhara, na mara nyingi ina maji yaliyotuama chini ambayo hulipuka kuwa mvuke na kumrushia fundi mafuta ya moto usoni. Mafuta ya nazi hupoza vizuri, ila kwa bei ya siku hizi heri yabaki jikoni. Mafuta yoyote utakayotumia, yaweke kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko wa kuzimia moto, na uwe na koleo lenye mikono mirefu.

Kisha irudishie moto kwa kuitazama rangi. Isugue tezo mpaka ing'ae, ipashe kutokea upande wa mpini, na utaona rangi zikitembea kuelekea ukingoni: manjano hafifu kwenye nyuzi kama 220, hudhurungi karibu na 250, zambarau karibu na 280, na buluu kwenye 300. Hudhurungi ikifika ukingoni, ipoze papo hapo. Kwa mvule na mninga hapo panatosha. Kwa mbao zenye mafundo mengi acha mpaka zambarau ianze kuchungulia, kwani ni bora tezo inayonolewa mara kwa mara kuliko inayomeguka.

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo hapa Tanga mjini. Mwalimu wetu amesema C45 ipashwe hadi nyuzi 820 mpaka 860 kabla ya kutoswa, lakini nyumbani babu anatumia makaa na mivukuto, na hatuna kipimo cha joto. Nitajuaje kwamba imefika?
Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na sumaku iliyofungwa kwenye waya mrefu. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770 hivi, kwa hiyo sumaku ikiacha kushika unajua umekaribia ila hujafika. Wengi hutosa hapohapo, na hupata chuma kilichokakamaa nusunusu, chenye madoa laini ndani yake.

Alama ya pili ni chumvi. Chumvi safi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, na huu ni ukweli wa maumbile ambao haumtegemei mtengenezaji wa kipimo chochote. Isage iwe laini ili isirukeruke, vaa miwani ya kazi, na unyunyize kidogo sana juu ya chuma. Ikiyeyuka na kutandaa, ongeza moto kidogo tu juu ya hapo. Chumvi ya mawe kutoka mashambani mwa chumvi ya pwani ina vitu vingine ndani yake, magnesi ikiwamo, na huyeyuka mapema, hivyo kwa kazi hii nunua iliyosafishwa.

Rangi ya chuma itazamwe kivulini, kila mara mahali palepale, kwa sababu chuma cha nyuzi 600 ambacho gizani kinaonekana chekundu, juani hakionyeshi kitu. Kwenye nyuzi 800 hadi 850 huwa chekundu chenye kung'aa, na kikianza kuelekea rangi ya chungwa umepitiliza: punje za ndani hukua, na chuma chenye punje kubwa hukatika kirahisi hata kama ugumu wake ni uleule. Mwambie babu, kwa adabu, kwamba makaa yawe mengi na mivukuto iende polepole. Upepo mwingi kwenye makaa machache huacha hewa isiyoungua ikifikie chuma, nayo huichoma kaboni ya juu, mkabaki na ngozi laini isiyokubali ugumu kamwe. Joto nalo lipewe muda wa kufika moyoni; kanuni ya zamani ya saa moja kwa kila milimita 25 za unene inafaa tanuri kubwa, na kwa kipande chembamba dakika chache baada ya rangi kuwa sawa pande zote zinatosha.

SWALI: Nina gereji Muheza. Je, shafti ya C45 ya mashine ya kusaga ikikatika inaweza kuchomelewa? Na ekseli ya nyuma ya gari?
Mwenye gereji, Muheza

JIBU: Ya mashine ya kusaga yawezekana, kwa tahadhari. Ya gari linalobeba watu hapana, na sina la kuongeza kuhusu hiyo.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba chuma baridi kilichouzunguka mchomeleo hulinyonya joto kwa kasi sana, hivyo ukanda ulio kando yake hukakamaa wenyewe kana kwamba umetoswa majini, ingawa hakuna maji yaliyoguswa. Hidrojeni itokayo kwenye unyevu wa fimbo za kuchomelea huingia humo na kuleta ufa, ambao waweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kukabidhiwa. Kwa hiyo pasha ncha zote mbili hadi nyuzi 150 mpaka 250 na uzishikilie hapo muda wote wa kuchomelea; tumia fimbo za hidrojeni kidogo, zenye alama E7018, zilizokaushwa kwenye jiko la nyuzi 300 hadi 350 kwa saa nzima au zaidi, kwa kuwa hewa ya pwani huzilowesha hata zikiwa ndani ya boksi; kisha irudishie shafti moto wa nyuzi 600 hadi 650, na uifukie kwenye majivu makavu mpaka ipoe kabisa. Kabla ya kuifunga, ngoja siku mbili na uikague tena kwa mafuta ya taa na chokaa: paka mafuta ya taa, futa vizuri, paka chokaa, na palipo na ufa patajitokeza kwa mstari wenye unyevu.

SWALI: Vijana wangu hupasha nondo za milimita 20 kwa moto wa gesi ili zipinde kirahisi. Mhandisi amewakataza. Kuna ubaya gani, ikiwa nondo si chuma kigumu?
Fundi mwashi, Pongwe

JIBU: Mhandisi yuko sahihi. Nondo nyingi zenye mbavu za siku hizi zina kaboni haba, na nguvu zake hazitokani na kaboni bali na ngozi. Kiwandani, nondo ikitoka kwenye rola ikiwa nyekundu hupitishwa kwenye maji yanayoikakamaza ngozi, kisha joto lililobaki moyoni hutoka nje na kuirudishia ngozi hiyo moto, bila mtu kuigusa tena. Kijana anayeipasha upya hadi iwe nyekundu huiondoa kazi yote hiyo kwa dakika moja, na haionekani kwa macho kwamba kuna kilichoharibika. Pinda nondo zikiwa baridi, kwa kuzizungusha kwenye pini ya kipenyo kisichopungua mara 4 ya unene wa nondo kwa zile zisizozidi milimita 16, na mara 7 kwa zile nene zaidi. Za milimita 20, basi, zinataka pini ya milimita 140. Zile ambazo vijana wameshazipasha zitenge, na umwonyeshe mhandisi kabla hazijafunikwa na zege.